Ali wa 1967 na Tyson wa 1988: jibu kwa vijana wa Wete

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Sisi ni vijana wa Wete, Pemba. Baada ya sala ya isha huwa tunakaa barazani kwa kahawa na kashata, na mwezi huu mzima mjadala ni mmoja tu: Muhammad Ali na Mike Tyson, kila mmoja akiwa katika ubora wake, nani angempiga mwenziwe? Ami yangu anasema Ali na hataki kusikia jengine. Sisi tunasema Tyson, na hoja yetu ni hii: Larry Holmes alimpiga Ali, kisha Tyson akamsimamisha Holmes raundi ya nne. Basi Tyson ni mkubwa wa Ali. Ami anatwambia hatujui ngumi, tumezisoma kwenye simu tu. Tunaomba hukumu, na kwa mkato utwambie pia baina ya mabondia wetu Rashid Matumla na Hassan Mwakinyo nani zaidi.

JIBU: Waalaykumu salaam wanangu, na mumsalimie ami. Hukumu nitaitoa, lakini kwanza niivunje hoja yenu, maana ndiyo inayowapoteza.

Ni kweli Holmes alimpiga Ali. Ilikuwa tarehe 2 Oktoba 1980, Las Vegas, na kona ya Ali, yaani walimu wake, ndiyo iliyosimamisha pambano baada ya raundi ya kumi. Ali siku hiyo alikuwa na miaka 38, alikwishastaafu akarudi, na miguu haikuwapo tena. Ni kweli pia Tyson alimpiga Holmes, Januari 1988, Atlantic City. Sasa muulizeni ami Holmes alikuwa na miaka mingapi usiku ule. Alikuwa na 38, na hakuwa amepanda ulingoni tangu Aprili 1986. Kwa hiyo kitu pekee mlichokithibitisha ni kwamba kijana humpiga mtu wa miaka 38. Hilo halikuhitaji kahawa.

Na hata wangekuwa vijana wote, ngumi hazihesabiwi hivyo. Joe Frazier alimpiga Ali kwa pointi Machi 1971, New York, na kumwangusha raundi ya kumi na tano. George Foreman akamchukua Frazier huyo huyo Januari 1973, Kingston, Jamaica, akamwangusha mara sita ndani ya raundi mbili. Kwa hesabu yenu Foreman alipaswa kumla Ali mbichi. Oktoba 1974 wakakutana Kinshasa na Ali akamlaza raundi ya nane. Mnataka jengine? Ken Norton alimpiga Ali Machi 1973 na kumvunja taya. Mwaka mmoja baadaye Foreman alimmaliza Norton kwa raundi mbili. Kila bondia ana mtu ambaye umbo lake na namna yake ya kupigana humkaa kooni. Frazier alikuwa akienda mbele tu, na Foreman alikuwa akimsubiri mtu wa kwenda mbele tu. Ali hakuwa mtu huyo.

Ami naye asicheke, ana kosa lake. Watu wa rika lake wakimtaja Ali hawamtetei bondia peke yake. Wanamtetea mtu aliyesilimu, akabadili jina, akakataa kwenda Vietnam na kupokonywa mkanda 1967. Mapenzi hayo nayaelewa, lakini ulingoni hayapigi konde. Isitoshe, huyo huyo Ali alifika Dar es Salaam Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa hata kumwona. Tukaenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha, kila mmoja yake. Mtu anaweza kuwa mkubwa kuliko wote na bado akaja na ujumbe mbovu. Hivyo hivyo anaweza kuwa mkubwa kuliko wote na bado kukawa na kijana mmoja, usiku mmoja, wa kumwangusha.

Sasa tufanye kazi. Mjadala wa namna hii hauna maana mpaka mkubaliane tarehe. "Katika ubora wake" kila mtu anaitafsiri atakavyo, na ndiyo maana mnakesha. Ali wapo watatu. Yupo wa 1964 hadi Machi 1967, mwenye miguu. Yupo aliyerudi Oktoba 1970 baada ya miaka mitatu na nusu ya kufungiwa, mzito kidogo na mwenye kupumzika kwenye kamba. Na yupo wa Kinshasa na wa Manila alikokutana na Frazier mara ya tatu, 1974 na 1975, ambaye alishinda kwa akili na kwa kuvumilia kupigwa. Huyu wa tatu ndiye maarufu zaidi, na ami bila shaka ndiye anayemwona akifumba macho, lakini mwili bora ni ule wa kwanza. Pambano la mwisho la mwili ule lilikuwa na Zora Folley, tarehe 22 Machi 1967, Madison Square Garden, Ali akiwa na miaka 25.

Tyson naye ana dirisha lake, na ni dogo zaidi: kuanzia Novemba 1986 alipomlaza Trevor Berbick raundi ya pili na kuwa bingwa akiwa na miaka 20, hadi Juni 1988 alipommaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Katika kipindi hicho kona yake alikuwapo Kevin Rooney, aliyelelewa kingumi na Cus D'Amato kama Tyson mwenyewe. Rooney akafukuzwa mwishoni mwa 1988. Tazameni mapambano ya kabla na ya baada, muangalie kichwa tu. Kabla, kichwa hakitulii. Baada, kinaanza kuja kikiwa kimenyooka, na konde linatoka moja moja. Watu wanasema jela ndiyo iliyommaliza Tyson. Mimi nasema alikwishaanza kuisha kabla ya Tokyo, alikopigwa na Buster Douglas 1990.

Basi tumchukue Ali wa Machi 1967 na Tyson wa Juni 1988. Ali ana urefu wa sentimita 191 na mikono yenye upana wa 198. Tyson ana 178 na 180. Hapa vijana wengi hudhani Ali alikuwa mwembamba. Alipopigana na Cleveland Williams Novemba 1966 alikuwa na kilo 96 na ushei, na Tyson mbele ya Spinks alikuwa na 99. Uzani wao ni karibu sawa, ila mmoja kauweka kwenye urefu, mwengine kwenye shingo na mapaja.

Kabla sijawapandisha ulingoni, neno moja kuhusu video mnazotumiana. Vijana wananitumia Tyson na Spinks, wazee wananitumia Ali na Williams. Zote mbili zinadanganya. Williams alikuwa amepigwa risasi na askari wa barabarani mwaka 1964 na kupoteza figo. Aliyesimama mbele ya Ali alikuwa nusu ya mtu aliyetisha zamani. Spinks alikuwa bondia wa uzani wa chini ya ule wa Tyson, aliyepanda juu, na ukimtazama anavyoingia ulingoni unaona amekwishapigwa kabla ya kengele. Bondia hupimwa kwa usiku wake mgumu. Nataka mumwone Tyson akiwa na James Tillis, Mei 1986, raundi kumi, Tillis akizunguka na kurusha, na Tyson akishinda kwa taabu. Mumwone akiwa na James Smith, Machi 1987, raundi kumi na mbili za kukumbatiana. Mumwone akiwa na Tony Tucker, Agosti 1987, mtu wa sentimita 196, ambaye raundi ya kwanza alimpiga Tyson konde la kutoka chini hadi kisigino kikanyanyuka. Na kwa Ali, wekeni Doug Jones na Henry Cooper wa 1963, na George Chuvalo wa 1966, raundi kumi na tano za mbavu.

Mtaona nini? Kwa Ali mtaona kwamba mikono inakaa kiunoni, na konde likija hakwepi kwa pembeni kama walimu wanavyofundisha. Anarudisha kichwa nyuma. Mwalimu yeyote wa Manzese angemtoa mazoezini kwa kosa hilo. Kwake lilifanya kazi kwa sababu kichwa kikirudi nyuma, miguu nayo ilikuwa imeshaondoka. Lakini mara tatu halikufanya kazi: Sonny Banks alimwangusha 1962, Cooper alimwangusha Wembley Juni 1963 mwisho wa raundi ya nne, Frazier 1971. Makonde yote matatu ni ya mkono wa kushoto, ya mzunguko. Na mkono wa kushoto wa Tyson ulikuwa wa kasi kuliko wa hao watatu. Hapo ndipo hoja yenu ya kweli ilipokuwa, mkaiacha mkakimbilia kwa Holmes.

Kwa Tyson mtaona jambo jengine. Anapiga kwa mafungu. Anaingia chini ya konde la mbele, mikono mashavuni, kulia kwake kunatua kwenye mbavu, na kabla hujapumua mkono ule ule wa kulia unapanda kidevuni. Ni kitu kizuri sana kukitazama. Lakini akishikwa, anasimama. Anamsubiri refa aje kuwaachanisha. Frazier hakuwa hivyo. Frazier ukimkumbatia bado anakupiga kiuno, na raundi ya kumi na nne yuko kama raundi ya pili. Watu husema Tyson ni Frazier mwenye mikono miwili. Kwa mwendo wa kuingia, sawa. Kwa kuvumilia kukataliwa, hapana, na Ali alihitaji raundi 41 katika mapambano matatu kumalizana na Frazier.

Sisi wa visiwani tuna udhuru katika haya. Ngumi zilipigwa marufuku huku tangu enzi za Mzee Karume na hazikurudi mpaka awamu hii ya nane, kwa hiyo kizazi kizima kimezibishania bila kukaa kando ya ulingo. Ukikaa karibu, kitu cha kwanza kinachokushangaza ni kupumua. Bondia anayekumbatiwa na mtu wa kilo 96 anayemlalia shingoni, unamsikia. Anavuta pumzi kwa mdomo, kinga ya meno inachungulia, na akitoka pale konde linalofuata ni la mkono peke yake, kiuno hakimo. Kwenye simu raundi kama hiyo unaisukuma kwa kidole, unasema haikuwa na kitu. Kwa Ali na Tyson, mimi naamini pambano lingeamuliwa mle mle.

Raundi nne za mwanzo ni za Tyson, au angalau ni za hofu. Ali huzunguka kushotoni kwake, yaani anaukimbia mkono wa kushoto wa Tyson na kuuendea ule wa kulia. Ni chaguo la busara, lakini lina bei, na bei yake ni mbavu. Nakubali kabisa kwamba Ali angekwenda chini, raundi ya pili au ya tatu, kwa mkono wa kushoto, mgongo ukiwa umekaribia kamba na kichwa hakina pa kurudi. Ami hapo atanuna. Asinune bado. Ali katika mapambano 61 hakuwahi hata mara moja kuhesabiwa mpaka kumi; alisimamishwa mara moja tu, na ni pale kona yake ilipomzuia kwa Holmes. Cooper alimpata akainuka. Frazier alimpata kwa konde ambalo lingemlaza mtu wiki nzima, na akainuka upesi hata refa hakufika mbali na hesabu.

Akiinuka, atashika. Mkono wa kushoto nyuma ya shingo, anakivuta kichwa cha Tyson chini na kumlalia. Hapa refa ana sauti kuliko majaji. Katika pambano la pili la Ali na Frazier, Januari 1974, refa aliachia mambo hayo na Ali akashinda kwa kushika. Manila 1975, refa Carlos Padilla alikuwa akiipiga ile mikono ya Ali itoke shingoni, na Ali akalazimika kupigana hadi karibu kufa. Kwa hiyo mkibishana tena, tajeni refa. Mkimpa Tyson refa wa namna ya Padilla, mmempa raundi mbili za bure.

Kuanzia raundi ya tano pambano linageuka. Tyson hakuzoea mtu ambaye bado yupo. Smith alidumu kwa kukumbatia bila kupiga, Tucker alidumu kwa urefu akiwa, kwa maneno yake, ameumia mkono. Ali angedumu huku anapiga: jabu (konde la mbele lililonyooka) mbili usoni wakati anarudi nyuma, kulia moja ya haraka Tyson anapoinua kichwa, kisha ashike, aseme neno sikioni. Huyu ni kijana wa miaka 21 ambaye D'Amato, mtu aliyekuwa akimtuliza, alishafariki tangu Novemba 1985. Sitaki kuleta Tokyo ya 1990 kama ushahidi, maana Tyson wa Buster Douglas hakuwa amejiandaa. Lakini alichofanya Douglas, jabu ndefu, kulia nyuma yake, kisha kushika na kusukuma, Tucker alikwishakionyesha 1987 kwa raundi chache. Kasoro ilikuwapo, Douglas aliikuta, hakuitengeneza.

Hukumu: raundi zikiwa 12, Ali wa 1967 kwa pointi, na majaji hawatafautiani sana. Zikiwa 15 kama zilivyokuwa enzi zake, refa anasimamisha raundi ya kumi na tatu. Raundi 15 ziliondolewa baada ya kifo cha bondia Mkorea Duk Koo Kim mwaka 1982. WBC, mojawapo ya mashirika yanayotoa mikanda, walianza, wengine wakafuata miaka ya 1980 ilipokuwa inaisha. Tyson hakuwahi kupigana zaidi ya 12, na sioni kama mapafu yake yalijengwa kwa hilo. Wakipigana mara kumi, Tyson anachukua tatu, zote kabla ya raundi ya tano.

Sasa zawadi yenu. Mkimleta Ali wa 1971, namchagua Tyson. Mkimleta Ali wa Kinshasa, namchagua Tyson pia, na hapa najua ami atanitoa kwenye orodha ya anaowaombea dua. Foreman alikuwa akizungusha makonde mapana kama mtu anayefyeka, na raundi ya tano mikono ikawa mizito. Ali aliyaona yakitoka mbali, akalalia kamba zilizolegea, akafunika. Makonde ya Tyson ni mafupi, yanatoka kifuani kwake yanaingia mbavuni kwako. Ukimlalia kamba Tyson wa 1988 kwa raundi saba, hutafika ya nane.

Kuna mtu wenu aliandika chini ya swali kwamba kompyuta ikiulizwa itamaliza ubishi. Ilishaulizwa. Mwaka 1967 Mmarekani mmoja, Murray Woroner, aliendesha mashindano ya redio ya mabingwa wa zama zote kwa kompyuta, na Ali akatolewa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne. Ali akaenda mahakamani. Yakaishia kwa yeye kukubali kurekodiwa na Rocky Marciano, aliyestaafu na mapambano 49 bila kushindwa. Marciano alikuwa na miaka 45, amejikondesha, amevaa nywele za bandia. Walipigana raundi za dakika moja moja studioni 1969, wakarekodi miisho kadhaa. Marciano akafa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti mwaka huo, na Januari 1970 watu wakalipa kuingia kutazama. Marekani waliona Marciano akishinda kwa KO, yaani kumlaza mpinzani asiinuke, raundi ya kumi na tatu. Ng'ambo ya bahari ikaonyeshwa nyengine ambayo Ali ndiye mshindi. Mashine ilijibu walichotaka wenye tiketi.

Tyson mwenyewe, kama anawahusu, aliwahi kukaa na Ali kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani mwaka 1989, na alipoulizwa hakujitetea. Alisema mbele ya watu kwamba Ali ndiye mkubwa kuliko wote. Mimi siitumii kama ushahidi. Ile ilikuwa adabu ya kijana kwa mtu mzima anayeumwa.

Mliniuliza pia kwa mkato kuhusu wetu, Rashid Matumla na Hassan Mwakinyo. Hilo ni swali bora kuliko la kwanza, kwa sababu uzani wao unalingana na hakuna haja ya kuongeza kilo za kufikirika. Mwakinyo alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, Birmingham, Septemba 2018, na hilo ni pambano la ugenini ambalo mabondia wetu wengi hawana la kulinganisha nalo. Matumla alikuwa na ujanja zaidi wa kujificha. Kwa raundi kumi nampa Matumla wa miaka ya 1990. Msimtumie aliyekutana na Francis Cheka jua lake likiwa limeshakuchwa, mtarudi kule kule kwa Holmes.

Usiku wa leo wekeni kwanza Tyson na Tucker, raundi zote kumi na mbili, msisukume kwa kidole. Kisha Ali na Folley. Msiweke dau, ni haramu, na tena hakuna wa kulipa. Ami akishinda ubishi, kama ninavyodhani atashinda, mpeni kahawa yake, halafu mumuulize: raundi ya tatu, Tyson kamfikisha Ali kwenye kona, mkono wa kulia wa Ali uko wapi?